Wazimu, Kichaa na Mgonjwa wa Akili: Historia ya Unyanyapaa katika Msamiati wa Kiswahili

Miongoni mwa majina ya mahali yanayofahamika kwa wazungumzaji wengi wa Kiswahili, yako matatu ambayo ni nadra kutajwa pasipo kicheko au mnong'ono: Mirembe kwa watu wa Tanzania Bara, Kidongo Chekundu kwa Wazanzibari, na Mathari kwa Wakenya. Yote matatu ni majina ya hospitali. Hata hivyo, anayeambiwa barabarani kwamba "huyu wa Mirembe" hadhaniwi kuwa ni mzaliwa wa Dodoma, na anayetishiwa kupelekwa Kidongo Chekundu hapelekwi kutazama udongo mwekundu. Hospitali za macho na za mifupa zimejengwa pia, na majina yake hayajapata kugeuka matusi. Kwa nini basi haya?

Jibu linalotolewa mara nyingi katika taarifa za mashirika na hotuba za warsha ni kwamba jamii za Kiafrika zinawanyanyapaa wagonjwa wa akili kwa sababu ya mila na ushirikina, na kwamba elimu ya kisasa itauondoa unyanyapaa huo. Jibu hilo lina sehemu ya ukweli, lakini ni jepesi mno. Lugha yenyewe inatoa ushahidi ulio tofauti. Mtu akiyapanga maneno ya Kiswahili yahusuyo maradhi ya akili kwa tabaka zake za kihistoria, ataona kwamba dharau haikurithiwa yote kutoka kwa mababu. Sehemu kubwa ilijengwa katika karne ya 20, na hospitali pamoja na sheria zilikuwa miongoni mwa waashi wake.

Tabaka la chini kabisa ni neno wazimu. Mzizi wake ni wa Kibantu cha kale, nao umo katika lugha nyingi za eneo hili: Waganda wana muzimu, Wanyarwanda wana umuzimu, Wakamba wana aimu, na katika Kiswahili chenyewe tunao mzimu na kuzimu. Mzimu ni roho ya aliyekufa, na kuzimu ndiko makao yake. Kwa hiyo mwenye wazimu, kwa asili ya neno, ni mtu aliyefikiwa na wahenga. Wala si ajabu kwamba neno hilo, ambalo umbo lake ni la wingi wa mzimu, limeondoka katika ngeli ya watu na kuchukua upatanisho mwingine. Leo husemwa "wazimu umempanda", si "wazimu wamempanda". Roho za wafu zimegeuka kuwa hali. Badiliko hilo la upatanisho, dogo kama linavyoonekana, ni historia nzima ya fikra: kile kilichokuwa uhusiano kati ya walio hai na waliotangulia kikawa kitu kilichomo ndani ya mtu mmoja.

Tabaka la pili lilikuja na Uislamu na lugha ya Kiarabu. Majinuni ni aliyeingiwa na jini, na mantiki yake haiko mbali na ile ya wazimu: yupo mwingine asiyeonekana, naye ndiye mhusika. Pamoja na neno hilo ilikuja fikra ya kisheria ambayo mara nyingi husahaulika katika mijadala ya unyanyapaa. Katika fikihi, wajibu wa ibada na dhima ya makosa humhusu mtu mwenye akili na aliyebaleghe. Mtoto, aliyelala na mwendawazimu hawaandikiwi dhambi. Kwa watu wa mwambao, basi, mwendawazimu hakuwa mkosaji. Alikuwa ameondolewa mzigo, ingawa kwa kuondolewa mzigo aliondolewa pia sauti: hakuweza kushuhudia, kuuza shamba wala kuoza binti yake. Msamaha na unyamazishaji vilitoka katika mlango mmoja.

Kati ya tabaka hizi mbili kulikuwa na uganga wa pepo, ambao Pwani na Visiwani una msamiati wake kamili. Mgonjwa huitwa kiti, kwa kuwa pepo hukaa juu yake. Pepo hupanda kichwani, hupungwa kwa ngoma, huulizwa jina lake na kabila lake, hutaja anachokitaka, kisha hutulizwa. Wako wa kibuki wenye asili ya Bukini, wako wa kihabeshi, wako wa kiarabu. Katika lugha hii mgonjwa hasemi "mimi ni mwovu" wala "mimi ni mbovu". Husema, au husemewa, kwamba amekaliwa. Kitenzi kimo katika kauli ya kutendwa: amepagawa. Hata anaporudi katika hali yake, jamaa waliokuwapo ngomani wana njia ya kumpokea, kwa kuwa waliyoyasikia hayakusemwa na yeye.

Lakini isidhaniwe kwamba enzi hiyo ilikuwa bustani. Uganga uligharimu mali, na asiye na mali alibaki na pepo wake. Mwenye wazimu mkali alifungwa kwa kamba, kwa pingu au kwa gogo, na kufunga huko hakujakoma: taarifa ya mwaka 2020 ya Human Rights Watch kuhusu watu wenye maradhi ya akili wanaofungwa minyororo ilihusu nchi zipatazo 60, Kenya ikiwa mojawapo. Aidha, wachunguzi wa ndoa, wale wazee wanaotumwa kuulizia ukoo kabla ya posa, walikuwa na maswali yao kuhusu kifafa, ukoma na wazimu. Jibu baya lilivunja posa. Familia zilijifunza kuficha, licha ya methali inayoonya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Dharau, basi, ilikuwepo. Swali ni namna ilivyobadilika sura.

Badiliko lilianza na nyumba. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisionari wa Kijerumani wa Bethel walifungua mwaka 1896 makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 makao hayo yalianza kupokea wagonjwa wa akili, na kwa sababu hiyo Lutindi huhesabiwa kuwa hospitali ya kwanza ya aina yake katika Afrika Mashariki. Nairobi, mwaka 1910, serikali ya kikoloni iliyageuza majengo yaliyotumika kuwatenga wagonjwa wa ndui yakawa makazi ya vichaa, ambayo mwaka 1924 yalipewa jina la Hospitali ya Akili ya Mathari. Dodoma ilipata Mirembe mwaka 1927, na kando yake Isanga, mahali pa wagonjwa waliotenda makosa ya jinai.

Inafaa kutua hapa kidogo. Nyumba ya Mathari iliwahi kuwa karantini, na Isanga ilihusiana na mahakama na jela. Mtu wa kawaida aliyeona wagonjwa wakipelekwa huko na askari, pengine kwa amri ya hakimu, hakuwa na sababu ya kuzifikiria nyumba hizo kama mahali pa tiba. Sheria za kikoloni zilihusu zaidi nani awekwe ndani kuliko nani atibiwe vipi. Wengi waliofikishwa humo walikuwa wale waliovuruga utulivu wa miji, mashamba na njia za reli, si lazima wale waliokuwa wagonjwa zaidi. Na wagonjwa walitengwa kwa rangi, kama walivyotengwa watu wazima wa akili. Hivyo basi kejeli ya "wa Mirembe" haikuzaliwa na mzimu wala jini. Ilizaliwa na ukuta.

Mathari ina sura nyingine ya historia hii. Kuanzia mwaka 1938 hadi 1950 hospitali hiyo iliongozwa na daktari J. C. Carothers, ambaye alipoteuliwa hakuwa bingwa wa maradhi ya akili. Kutokana na aliyoyaona katika wodi zake, aliandika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, akidai kueleza akili ya Mwafrika kwa jumla, na akafikia kumfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1954 aliandika kwa ajili ya serikali ya Kenya ripoti juu ya saikolojia ya Mau Mau, ambamo vita vya ardhi na uhuru vilielezwa kama dalili za akili iliyoyumba. Frantz Fanon, ambaye naye alikuwa daktari wa maradhi ya akili, alimkosoa vikali katika kitabu chake cha mwaka 1961. Kwa wanafunzi wa lugha, kisa hiki kina funzo lake: neno la hospitali linaweza kukopwa na siasa, na likishakopwa ni vigumu kulirudisha likiwa safi. Mtu aliyeambiwa ni mgonjwa kwa kuwa amedai shamba lake ana haki ya kumtilia shaka daktari, na shaka hiyo hurithiwa na watoto wake hata pale daktari mwingine anapokuja na nia njema.

Wakati huohuo sarufi nayo ilifanya kazi yake. Kiswahili kina jozi mbili za kusema jambo hili. Kuna vitenzi: amerukwa na akili, amepagawa, amechanganyikiwa, amewehuka. Kuna pia "kuwa na": ana wazimu, ana maradhi ya akili. Katika jozi hii ya kwanza mtu hubaki mtu, na jambo limempata. Kwa upande wa pili kuna majina: kichaa, mwehu, punguani, hayawani, na katika lugha ya mitaani chizi. Hapa kiungo ni "ni", na "ni" haina mwisho wa muda. Aliyechanganyikiwa jana anaweza kutulia leo. Aliye punguani amekwishapimwa na kuonekana pungufu.

Baadhi ya wanaisimu wamevutwa na kiambishi ki- katika kichaa, wakakiweka pamoja na kipofu, kiziwi, kiwete, kilema na kibogoyo, na kuona kwamba ngeli ya vitu imetumiwa kuwashusha watu wenye kasoro. Hoja hiyo inavutia, nayo imechangia kuenea kwa maneno kama asiyeona na mlemavu. Lakini isivutwe kupita kiasi. Kiongozi, kinyozi, kijana na kiumbe vimo katika umbo hilohilo, na hakuna aliyelalamika kwamba kiongozi amedunishwa na kiambishi chake. Zaidi ya hayo, maneno haya yote hupatanishwa kama watu: kichaa amekuja, si kimekuja. Uzito wa dharau hauko katika kiambishi peke yake. Uko katika matumizi, na matumizi yana historia.

Kwamba dharau inaweza kupungua, na kwa njia gani, kunaonekana vizuri zaidi katika kisa cha kifafa huko Mahenge, kusini mwa Tanzania. Kifafa si ugonjwa wa akili kwa maana ya kitabibu, lakini katika fikra za watu, na hata katika mpangilio wa kliniki, kimekaa na wazimu kwa muda mrefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari mzaliwa wa Norwei, Louise Jilek-Aall, alikuta miongoni mwa Wapogoro wagonjwa wengi sana wa kifafa waliotengwa na jamaa zao. Watu waliogopa mate na povu la mgonjwa, wakiamini kwamba maradhi huambukizwa kwa kuguswa. Aliyeangukia motoni hakukimbiliwa haraka. Aliungua, na makovu yake yakawa ushahidi mwingine dhidi yake.

Daktari huyo alianzisha kliniki na kutoa dawa ya fenobabito, ambayo ilikuwa rahisi na ya zamani. Hakuanza kwa kuwakataza watu imani zao, na wala hapakuwa na mabango. Kilichotokea ni kwamba wagonjwa waliokuwa wakianguka kila mara walianza kupitisha wiki na miezi bila kuanguka, na majirani waliona. Waliofichwa wakatolewa nje. Baadaye utafiti ulihusisha wingi wa kifafa katika eneo hilo na minyoo ya usubi, ile ienezwayo na inzi weusi wa mitoni, pamoja na hali ya kutikisa kichwa kwa watoto ambayo Jilek-Aall alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuieleza. Hofu ya watu wa Mahenge kwamba kulikuwa na kitu fulani katika mazingira yao haikuwa ya kipuuzi hata kidogo. Walikosea tu mahali pa kukitafuta. Wale wanaopenda kuzitaja imani za wanavijiji kwa dharau wangefaa kukumbuka jambo hili.

Baada ya uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Tanzania ilijaribu kuubomoa ukuta kwa namna yake. Palianzishwa vijiji vya wagonjwa wa akili, kama kile cha Vikuruti nje kidogo ya Dar es Salaam, ambamo waliopata nafuu walilima na kujiandaa kurudi makwao. Wazo lenyewe lilipatana na siasa ya wakati huo: kazi ya shamba ndiyo iliyokuwa alama ya raia kamili, na mgonjwa aliyeshika jembe alikuwa amerudishiwa uraia. Miaka ya 1980 huduma za afya ya akili zilianza kuingizwa katika zahanati na vituo vya afya vya kawaida, kwanza katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro. Umuhimu wake kwa mada hii ni mkubwa kuliko unavyoonekana. Mgonjwa aliyeketi kwenye benchi moja na mama mwenye mtoto wa malaria hakuwa tena "wa Mirembe". Alikuwa mtu aliyekwenda zahanati. Upungufu wa dawa na wa watumishi uliidhoofisha mipango hiyo, na katika sehemu nyingi benchi ilibaki lakini dawa haikuwepo.

Neno unyanyapaa lenyewe linastahili aya yake. Kitenzi nyanyapaa ni cha zamani, nacho kilihusu kuonyesha kinyaa kwa mtu au kwa kitu. Kilichokipa kitenzi hicho umaarufu ni UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini Tanzania walitangazwa mwaka 1983 mkoani Kagera. Katika miaka ya 1990 na 2000 nomino unyanyapaa ilienea katika redio, mabango na shule hadi ikawa neno la kila siku, kisha ikahamishiwa kwenye maradhi ya akili. Uhamisho huo ulikuwa na faida, kwa sababu ulileta neno lenye kumlaumu anayetenga badala ya anayetengwa. Ulikuwa na hasara pia. Katika UKIMWI ujumbe ulikuwa kwamba kugusana hakuambukizi. Katika maradhi ya akili hofu kuu si ya kuambukizwa bali ya kutoaminiwa: kwamba neno la aliyewahi kuugua halitapokelewa tena barazani, kazini wala mahakamani. Bango lisemalo "usimtenge" haligusi hofu hiyo. Anaweza kuketishwa sebuleni pamoja na wageni, na bado kila anachokisema kikatafutiwa dalili.

Sambamba na hilo msamiati mpya umejengwa. Afya ya akili imechukua nafasi ya maradhi ya akili katika majina ya idara na ya sheria. Sonona, kitenzi cha zamani cha kuumia moyoni, kimefanywa jina la ugonjwa, na bila shaka ni chaguo zuri kuliko mkopo wowote, kwa kuwa msikilizaji analielewa kabla ya kufafanuliwa. Msongo wa mawazo umeenea hata vijijini, ambako zamani ingesemwa tu kwamba fulani "ana mawazo". Skizofrenia imebaki na umbo lake la kigeni, na pengine ni afadhali. Neno lisilo na ukoo katika lugha halina matusi ya kurithi. Ila haipo kinga ya kudumu. Mgonjwa wa akili, istilahi iliyoletwa ili kuwaheshimu watu, leo hutumiwa na wanasiasa na mashabiki wa mpira kutukanana. Istilahi hubadilishwa, dharau huifuata, na warsha nyingine huitishwa.

Kwa sababu hiyo mahali penye uzito zaidi kwa sasa ni sheria. Kenya ilitunga Sheria ya Afya ya Akili mwaka 1989 na kuifanyia marekebisho makubwa mwaka 2022. Januari 2025 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba kifungu cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai kinapingana na Katiba. Kabla ya hapo mtu aliyenusurika alikuwa na sababu ya kumwogopa polisi kuliko alivyokuwa na sababu ya kumtafuta daktari, na jamaa zake walikuwa na sababu ya kusema kwamba alikunywa sumu kwa bahati mbaya. Tanzania ilitunga Sheria yake ya Afya ya Akili mwaka 2008. Katiba yake ya mwaka 1977, hata hivyo, inaruhusu Bunge kutunga sheria ya kumzuia mtu kupiga kura kwa sababu ya ugonjwa wa akili, na haielezi ni ugonjwa upi wala wa muda gani.

Mwaka 2021 Tanzania ilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na kazi ya kuzitafsiri sheria za zamani ikawa jukumu la lazima. Sheria hizo, nyingine zikiwa zimetungwa enzi ya ukoloni, ziliwataja watu wenye maradhi na ulemavu wa akili kwa maneno ya Kiingereza ambayo madaktari wa Kiingereza wenyewe walikwishayaacha. Mfasiri anayekutana na neno la namna hiyo ana njia kadhaa. Anaweza kuandika kichaa au punguani, na kwa kufanya hivyo atakuwa mwaminifu kwa matini na kumtukana mwananchi kwa muhuri wa Jamhuri. Anaweza kuandika "mtu asiye na akili timamu", fomula ambayo mawakili wanaipenda kwa kuwa inafanana na ile ya wasia na mikataba, lakini ambayo haitofautishi aliyezaliwa na ulemavu na aliyeugua miezi mitatu akapona. Anaweza pia kuandika "mtu ambaye wakati huo alikuwa na maradhi ya akili", sentensi ndefu yenye kitenzi na yenye wakati, ambayo itamlazimu hakimu kuuliza swali ambalo neno moja lingemruhusu kulipita: wakati upi?